Kitanda Namba Mbili cha Lwandumbi

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na kwenu. Ukifika mahali ukajikuta unasema, "Aa, hapa mbona napajua," basi ujue ni sikio lako limekudanganya, mimi simo. Kwenu takwimu zimekaa sawa, na waandishi wa habari hufika kila kijiji hata pasipo na waziri anayepita. Huko ninakosema mambo yalikuwa mengine.

Kwenye kona ya chini ya ramani ya nchi hiyo, mkono wa kulia, ng'ambo ya kinamasi, kulikuwa na tarafa iitwayo Lwandumbi. Lwandumbi ilikuwa na watu, mbuzi, mpunga, mbu wa kutosha kugawia na majirani, na zahanati moja yenye vitanda viwili. Kitanda namba moja kilikuwa dirishani. Kitanda namba mbili kilikuwa karibu na mlango. Nesi wa zahanati aliitwa Sikudhani Mapande, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika kila mgonjwa kwenye daftari kwa mwandiko mzuri wa kuviringa, na kila baada ya miezi mitatu akituma nakala Mji Mkuu. Majibu hayakuja hata siku moja. Sikudhani hakununa. Alijiambia kwamba wakubwa wanachelewa kujibu kwa sababu wanasoma kwa makini.

Jioni jioni zahanati iligeuka ukumbi, maana ndipo ilipokuwa televisheni pekee ya tarafa nzima, inayotumia umeme wa jua. Watu walijaa kutazama utabiri wa hali ya hewa. Mtangazaji wake alikuwa Majura Bilali, pande la mtu, mabega kama kabati. Majura alikuwa na kawaida ya kusimama upande wa kulia wa ramani, na mwili wake uliifunika Lwandumbi yote, kuanzia mpakani mpaka kinamasini. Katika miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kuiona Lwandumbi kwenye televisheni. Walichokiona ni koti la Majura.

Binadamu hashindwi. Wana Lwandumbi wakajifunza kulisoma koti.

"Leo la kijivu," mmoja angesema. "Kesho msianike mpunga."

"La kahawia lile, angalia vizuri. Kahawia ni jua la asubuhi, mawingu mchana."

Na ninyi msicheke, kwa sababu koti lilipatia mara nyingi kuliko utabiri wenyewe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa kusoma koti. Huyo ni Bibi Somoe binti Ng'itu, mwenye umri anaoujua mwenyewe, mpangaji wa kudumu wa kitanda namba moja. Malaria ilimtembelea kila msimu kama ndugu asiyejua kuaga.

"Mimi koti silitaki," alisema. "Nataka nimsikie mtu anasema Lwandumbi, halafu aseme mvua au jua. Mara moja tu! Baada ya hapo hata nikifa sina neno."

"Hufi, Bibi," Sikudhani alimjibu. "Dawa zipo."

Na kweli zilikuwepo, mpaka siku ilipokuja barua.

*

Ili muielewe barua hiyo, lazima kwanza mkijue kistari.

Kila mwaka Wizara ya Takwimu na Sura ya Taifa ilichapa Kitabu Kikuu cha Taifa, chenye majedwali ya kila kitu: wagonjwa, wezi, madaraja, kuku. Pale ambapo habari hazikupatikana, makarani waliweka kistari. Safu ya Lwandumbi ilikuwa vistari vitupu tangu uhuru, na hakuna aliyelalamika, maana kistari kina adabu yake. Kinasema, "Hatujui," kisha kinanyamaza.

Mwaka huo akateuliwa waziri mpya, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ezironi Mabumba, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kufungulia mikutano. Asubuhi ya uzinduzi wa kitabu alikifungua, akakutana na vistari mia sita na kumi na vinne. Akaruka kama aliyeona nyoka.

"Haya ni mashimo!" alinguruma. "Taifa langu halina mashimo! Yazibwe kabla ya saa nane!"

"Yazibwe na nini, Mheshimiwa?" makarani wakauliza.

"Na namba! Mnadhani tumewasomesha kwa ajili ya nini?"

Ilikuwa saa sita na nusu, na wapishi walishaanza kupakua pilau ya uzinduzi. Makarani wakachukua namba iliyo jirani kabisa, isiyo na madhara kwa mtu, wakaijaza kote. Namba yenyewe ilikuwa sifuri.

Saa nane kamili Lwandumbi ikawa na malaria sifuri, kipindupindu sifuri, wezi sifuri, talaka sifuri, vifo sifuri. Hakukuwa na sehemu nyingine duniani yenye afya namna ile. Ukurasa wa mia mbili na kumi ulionyesha pia kwamba ina watu sifuri, lakini hakuna aliyefika huko, kwa sababu pilau ilikuwa tayari.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka Bohari Kuu ya Dawa. Sikudhani aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa.

"Kwa furaha kubwa tunawapongeza wana Lwandumbi kwa kutokomeza magonjwa yote. Kwa kuwa dawa ni za wagonjwa, na kwa kuwa nyinyi hamna wagonjwa, sanduku lenu la kila miezi mitatu limesitishwa tangu leo. Endeleeni na moyo huo huo."

Kabatini kulikuwa na dripu tisa za kwinini, basi. Na mvua za masika zilibakiza wiki sita zianze. Sikudhani alimtazama Bibi Somoe pale dirishani.

"Wanasema nini?" Bibi akauliza.

"Wanasema umepona."

"Nani kawaambia?"

"Kitabu."

"Basi kamwambie kitabu aje ashike paji langu la uso," alisema Bibi Somoe, akajifunika shuka mpaka kichwani.

*

Sikudhani alifunga safari, siku mbili njiani, mpaka Mji Mkuu. Shabaha yake ilikuwa ndogo mno. Hakutaka barabara wala hospitali. Alitaka mgonjwa mmoja wa Lwandumbi aingie kwenye Kitabu, maana palipo na mgonjwa mmoja bohari haina budi kutuma sanduku.

Nje ya lango la Wizara alikuta mama anauza karanga. Njaa ilikuwa inamkwangua, akanunua pakiti moja iliyofungwa kwenye karatasi. Alikula mpaka akafika chini, akaikunjua karatasi amalizie za mwisho, na hapo akaona mwandiko mzuri wa kuviringa.

"Somoe binti Ng'itu. Homa siku tatu. Dripu mbili. Ameruhusiwa, amekataa kuondoka."

Lahaula! Ilikuwa karatasi yake mwenyewe.

"Dada yangu," alimwambia muuzaji, "hizi karatasi unazitoa wapi?"

"Humo ndani. Tarishi ananiletea kila Ijumaa, kiroba kizima. Ni nzuri sana, nene, hazipitishi mafuta. Za wilaya nyingine zinachanika ovyo, lakini hizi za mwandiko mzuri wateja wanazipenda. Kuna mzee hununua asubuhi asome mgonjwa, jioni anarudi ajue kama alipona."

Kwa hiyo miaka kumi na tisa kumbe alikuwa anasomwa. Sikudhani hakujua kama acheke au alie, akafanya vyote viwili, kisha akaingia ndani na karatasi yake mkononi.

Mkurugenzi wa Majedwali aliitwa Bwana Tegemeo Lyapanga, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, moja ya kila rangi. Aliipokea karatasi kwa ncha za vidole, akainusa.

"Hii ina mafuta."

"Ni taarifa ya wagonjwa wa Lwandumbi, Mkurugenzi."

"Ilikuwa. Takwimu ikishafungia karanga inahamia sekta ya vyakula, na mimi sekta hiyo sina mamlaka nayo."

"Basi niandike mgonjwa mpya. Mmoja tu. Nipe fomu."

Lyapanga akatabasamu kwa huruma. "Mama, mgonjwa anaandikwa chini ya idadi ya watu. Lwandumbi ina watu sifuri. Ukitoa mgonjwa mmoja kwenye watu sifuri unabaki na nini? Hesabu itakataa."

"Na mimi niliyekaa mbele yako natoka wapi?"

"Wewe ni mtumishi wa umma. Watumishi wote huhesabiwa Makao Makuu."

"Kwa hiyo nipo hapa hata nikiwa kule?"

"Sasa unaelewa!" Lyapanga alifurahi kwa dhati, akainama karibu. "Nikuibie siri, halafu urudi nyumbani kwa amani. Lwandumbi imeshinda Tuzo ya Dhahabu ya Afya Isiyotetereka. Waziri mwenyewe anakuja kuikabidhi, na waandishi juu. Sasa wewe unataka uharibu kwa mgonjwa mmoja?"

Sikudhani alinyanyuka bila kuaga. Akiwa njiani kuelekea kituo cha basi alipita kwenye jengo la televisheni, na nani anatoka? Majura Bilali na mabega yake. Akamkimbilia.

"Baba, nisamehe, mimi natoka Lwandumbi. Ile sehemu unayoifunika. Tunaomba usogee kidogo tu."

Majura alishangaa kweli kweli. "Nyuma yangu kuna kitu?"

"Kuna sisi."

Majura akajikuna kidevu. "Dada, nikisogea kushoto naifunika wilaya aliyozaliwa Waziri. Mwenzangu wa kabla yangu alisogea. Siku hizi anasoma matangazo ya vifo redioni, alfajiri." Alimwangalia kwa huruma. "Ila niambie, mngependa nivae koti la rangi gani?"

*

Waziri alikuja na magari kumi na sita mpaka ukingo wa kinamasi, kisha akavushwa kwa trekta, amekaa kwenye tela juu ya kiti cha enzi cha kukodi. Watu wa Lwandumbi walijipanga pande zote mbili wakipiga vigelegele.

"Lyapanga," Waziri alinong'ona, "hawa nani? Si ulisema watu sifuri?"

"Wageni, Mheshimiwa. Wamekuja kukulaki."

"Wote hawa? Wametoka wapi?"

"Hilo bado linachunguzwa."

Waandishi walipiga picha ya Waziri anashuka, kiatu cha Waziri kinagusa tope, kiatu cha Waziri kinafutwa. Mwana Lwandumbi pekee aliyetokea gazetini ni yule aliyemshikia mwavuli, na alitokea mkono tu.

Hotuba ilichukua saa mbili na robo. "Ndugu wananchi msiokuwepo!" Waziri alianza. "Siku zote wamesema pembezoni kuna matatizo. Leo nasimama hapa pembezoni penyewe, nayatafuta matatizo kwa macho haya mawili, siyaoni!" Makofi yalipigwa na wasaidizi. Mbu mmoja akatua shingoni kwake. Sikudhani alimwona. Akaenda kutafuta chandarua.

Alipopewa chandarua alikirudisha kwa kicheko. "Cha nini? Malaria hapa ni sifuri. Nikilala kwenye chandarua nitakuwa nimekidharau kitabu changu."

Basi masika, ambayo hayasomi kitabu cha mtu, yakashuka siku hiyo hiyo. Kinamasi kikafura, trekta likazama mpaka kwenye usukani, na msafara wote ukanasa Lwandumbi. Siku ya kumi na mbili Waziri alikaa juani amevaa makoti matatu, meno yanagongana.

"Baridi ya huku kali," alisema.

Nje joto lilikuwa la kukaangia mayai. Sikudhani alimtoa tone la damu kidoleni, akalipima, akalipima tena.

"Malaria," alisema. "Imekomaa."

"Haiwezekani," alisema Lyapanga. "Sifuri."

"Basi nisimtibu?"

"Nitibu, mwanamke wewe!" Waziri alilia kutoka ndani ya makoti.

Wakamlaza kitanda namba mbili. Bibi Somoe alikuwa namba moja, naye homa imemwanza, akigeuza shingo asipitwe na kitu. Sikudhani akaleta dripu, kabla hajaifungua akaleta na daftari.

"Sheria ya dawa ni moja," alisema. "Asiyeandikwa hapewi. Jina nimeshaandika. Mahali alipougulia naandika Lwandumbi, halafu Mkurugenzi unaweka sahihi."

Nyie! Lyapanga alitoka jasho kuliko mgonjwa. Akiweka sahihi, Lwandumbi ina mgonjwa mmoja; tuzo imekufa, kitabu kimekuwa cha uongo, na yeye amemwaga unga. Asipoweka, Waziri anakufa, na vifo vya Lwandumbi vinakuwa kimoja, jambo ambalo kitakwimu ni baya zaidi. Akatoka nje na simu ya setilaiti. Alizungumza kwa saa nzima akizunguka banda la kuku. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Gazeti la Serikali, toleo la dharura," alitangaza, akasoma kwenye kiganja alikoandika. "Kuanzia sasa, Kitanda Namba Mbili, pamoja na godoro, shuka, mto na nguzo yake ya dripu, ni sehemu halali ya Mji Mkuu. Ni marufuku kwa mtu yeyote kukisogeza, maana atakuwa ameuhamisha Mji Mkuu bila idhini ya Bunge."

Akapiga magoti, akachora mpaka kwa chaki kuzunguka miguu minne ya kitanda. Kisha akaweka sahihi kwa kalamu ya kijani: mgonjwa mmoja, Mji Mkuu.

Bibi Somoe alikohoa. "Kwa hiyo mimi niko Lwandumbi, na huyo bwana anayekoroma hapo yuko Mji Mkuu?"

"Naam, mama."

"Mbona mkoromo wake unavuka?"

Waziri alimaliza dripu sita, akapona, akaondoka na picha ya tuzo. Bibi Somoe alipewa mbili, akapata nafuu. Kabatini ikabaki moja.

*

Walipoondoka wakasahau kufuta tangazo. Au niseme walikumbuka, lakini tangazo la kitanda linafutwa na Kamati ya Mipaka, na Kamati ya Mipaka haijawahi kutimiza idadi ya wajumbe tangu ilipoundwa. Chaki ikabaki sakafuni. Sikudhani aliitazama kila alipofagia, akawa anafagia kwa kuizunguka.

Siku ya tatu alisimama katikati ya kufagia, ufagio mkononi, akacheka peke yake mpaka Bibi Somoe akadhani homa imehamia kwa nesi.

Mgonjwa wa kwanza kufika asubuhi ile alilazwa kitanda namba mbili. Wa pili akakalishwa ukingoni mwa kitanda namba mbili. Wengine walipanga foleni, kila mmoja akagusisha makalio kwenye godoro, akaandikwa, akapisha. Jioni taarifa ikaondoka: "Mji Mkuu, Kata ya Kitanda Namba Mbili. Malaria: wagonjwa arobaini na mmoja."

Taarifa za Mji Mkuu, jamani, husomwa! Siku ya nne tangu ilipotumwa, magazeti yote yalikuwa na herufi nyekundu: MALARIA YAVAMIA MJI MKUU. Wabunge walisimamisha kikao. Siku ya sita helikopta ilitua kwenye mashamba ya mpunga ikiwa na masanduku ishirini ya dawa, jokofu, darubini mpya na mpiga picha, aliyekipiga picha kitanda kutoka pande zote nne.

Tangu hapo kitanda hakikupoa. Mwanamke aliyekaribia kujifungua alikimbizwa pale ili mwanawe azaliwe Mji Mkuu apate cheti siku hiyo hiyo. Wazee waliotaka vitambulisho walijilaza dakika tano wakaamka wakazi halali. Ilipofika siku ya sensa, watu elfu nne mia mbili na kumi na wawili walikaa juu yake kwa zamu, na Kitabu Kikuu kikaandika kwamba hiyo ndiyo kata yenye msongamano mkubwa kuliko zote duniani. Wataalamu wa mipango miji wakashauri ijengewe barabara ya juu.

Serikali ikaona kitanda chenye watu wengi hivyo hakiwezi kukosa uongozi. Ikaipandisha kata kuwa wilaya, ikamteua Mkuu wa Wilaya ya Kitanda, na kwa kuwa kuna mtu aliyelisababisha jambo lile, uteuzi ukamwangukia Bwana Tegemeo Lyapanga. Alifika na bendera, muhuri na kigoda, akakaa miguuni pa kitanda. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba dawa za Mji Mkuu hazitumiki nje ya Mji Mkuu.

Halafu jioni moja televisheni ikaleta makubwa. Majura Bilali alisogea! Alisogea nusu hatua tu, lakini kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, kikaonekana kidoti kipya. Zahanati nzima ilisimama.

"Na huko Mji Mkuu, Kitandani," alisema Majura, "kutakuwa na mvua za rasharasha."

Watu wakashangilia, wakakumbatiana, mmoja akaibusu televisheni. Sikudhani aligeuka dirishani ashangilie na Bibi Somoe, akamkuta amelala ameelekea ukutani.

"Bibi, hujasikia? Wametutaja!"

"Wamekitaja kitanda," alisema Bibi Somoe. "Hawakusema Lwandumbi."

Ilimchoma Sikudhani, kwa sababu na yeye siku zile alikuwa amelisahau neno hilo. Alirudisha macho nyuma akahesabu: tangu helikopta ije, hakuwa ameliandika hata mara moja.

*

Masika ya mwaka uliofuata homa ilimrudia Bibi Somoe, na safari hii ilikuja na mizigo yake yote. Kufika adhuhuri alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinatembea.

"Haraka," alisema Sikudhani, akimshika makwapa. "Twende namba mbili, nikuwekee dripu."

"Siendi."

"Bibi!"

"Siendi, nimesema! Mimi nimezaliwa Lwandumbi. Nimeolewa Lwandumbi, nimezika watoto wawili Lwandumbi. Nikifia kwenye hilo litanda lenu nitakuwa nimefia mjini, na mjini mimi sijawahi kufika. Watu wataniuliza habari za huko niseme nini?"

"Hufi. Ila dawa zote zilizopo ni za Mji Mkuu."

"Basi wapelekee wa Mji Mkuu."

Sikudhani alilia wazi wazi, machozi ya hasira. Kumbeba kwa nguvu asingethubutu. Bibi alibaki mifupa na msimamo. Akageuka, akaenda kwenye nguzo ya dripu ya kitanda namba mbili, akatundika chupa ya kwinini. Kisha akaushika mpira, akauvuta nje ya mstari wa chaki, kuelekea dirishani.

Lyapanga aliruka kutoka kwenye kigoda. "Nesi! Dawa inavuka mpaka!"

"Ikamate," alisema Sikudhani bila kumtazama.

Mpira ulinyooka, ukanyooka, ukagoma. Ulipungua kiasi cha shubiri moja kufika mkono wa Bibi Somoe. Sikudhani alishika ubavu wa kitanda namba mbili akisogeze.

"Usiguse!" Lyapanga alipiga kelele. "Ukikisogeza umeuhamisha Mji Mkuu! Ni uhaini huo, mama, watakufunga!"

Sikudhani aliachia. Alisimama katikati ya chumba, mpira mkononi, matone ya kwinini yakidondoka sakafuni, kati ya kitanda na kitanda. Lyapanga aliyatazama matone. Alimtazama Bibi, ambaye kwa mwaka mzima walikuwa wamegombana naye kuhusu mkoromo, siasa na uji. Mkono wake ukaenda mfukoni kwenye kalamu, ukarudi mtupu.

"Tangazo," alisema polepole, kama anayesoma, "linakataza kusogeza Kitanda Namba Mbili. Ni mimi niliyeliandika, nalijua mpaka nukta. Kitanda namba moja halikukitaja." "Lwandumbi haikutajwa popote, nesi. Isiyotajwa haiwezi kukatazwa."

Wala hakungoja jibu. Alivua koti la ukuu wa wilaya, akashika upande mmoja wa kitanda namba moja, Sikudhani akashika mwingine, wakakisukuma kwa pamoja. Lwandumbi ikasogea shubiri moja, ikakanyaga chaki, na sindano ikaingia mshipani.

Dripu ya kwanza iliisha. Ya pili ilipofika nusu, kutetemeka kukapungua, jasho likamtoka, Bibi Somoe akafumbua macho na kitu cha kwanza alichofanya ni kulikagua godoro kama ni lake.

"Niko wapi?"

Sikudhani alivuta daftari, akafungua ukurasa mpya. Aliandika, na Lyapanga akagonga muhuri chini bila kuulizwa, kwa nguvu, mpaka meza ikaruka.

"Soma," Bibi alisema.

"Lwandumbi," Sikudhani akasoma. "Malaria. Mgonjwa mmoja. Somoe binti Ng'itu."

"Rudia ile ya mwanzo."

"Lwandumbi."

Bibi Somoe akafumba macho, akalionja lile neno mdomoni kwa muda.

"Haya," alisema. "Na hali ya hewa?"

Sikudhani alifungua dirisha, akatoa mkono nje, akaukinga.

"Mvua, Bibi," alisema. "Mvua Lwandumbi nzima."